Kufundisha lugha ya kigeni kwa kazi: maswali ambayo walimu wenzangu wa Dodoma huuliza mara kwa mara

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Dodoma. Maswali haya nimeyakusanya kwenye semina, kwenye chai ya saa nne, na kwenye meseji za usiku za walimu wa mjini, Bahi, Chamwino, Kongwa na Kondoa wanaoandaa kipindi cha kesho. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Kufundisha lugha kwa kazi maana yake nini?

Ni kumpa mwanafunzi jambo la kutekeleza ambalo hawezi kulimaliza bila kutumia lugha anayojifunza, kisha kumfundisha lugha hiyo kuanzia pale alipokwama. Wengi wetu tulifundishwa kwa mpangilio mwingine: leo ni wakati uliopita, mifano mitano ubaoni, mazoezi kumi, kengele inalia. Kanuni inatangulia, na matumizi yanasubiri siku ambayo mara nyingi haifiki.

Kwa njia ya kazi, mtoto anaanza na haja. Anataka kujua basi lipi litamfikisha kwa wakati, au nani kati ya watu watatu apewe nafasi moja iliyobaki. Anahangaika na maneno aliyonayo, anagundua neno gani hana, na hapo mwalimu anamletea. Kanuni inamkuta tayari anaitafuta.

2. Kazi ina tofauti gani na zoezi?

Muulize mwanafunzi: utajuaje kwamba umemaliza? Akijibu "nimejaza nafasi zote kumi", hilo ni zoezi. Akijibu "tumepata pa kununulia", hiyo ni kazi. Kazi ina matokeo yaliyo nje ya lugha yenyewe, ina pengo (mmoja anajua kitu ambacho mwenzake hakijui, au wote wana jambo la kuamua), na mwanafunzi anachagua mwenyewe maneno ya kulizibia.

Chukua sentensi za kulinganisha. Zoezi linasema: andika sentensi tano ukitumia "cheaper than". Kazi inasema: darasa linapika wali kwa ajili ya mahafali na lina shilingi 150,000. Wewe una bei za mchele, mafuta na vitunguu za Soko la Majengo, mwenzako ana bei za duka la jumla. Msionyeshane karatasi. Amueni kila kitu kinunuliwe wapi. Hapo kulinganisha kutatokea kwenyewe, tena si mara tano, ni mara ishirini.

3. Njia hii ilianzia wapi?

Jaribio linalotajwa zaidi lilifanyika kusini mwa India kati ya mwaka 1979 na 1984, likiongozwa na N. S. Prabhu, na linajulikana kwa jina la mji wa Bangalore. Walimu wanaoniambia kwamba hii ni mbinu ya Ulaya yenye madarasa ya watoto kumi na tano nawaomba waanzie hapo. Zilikuwa shule za kawaida, zenye madarasa makubwa na ubao wa chaki. Watoto walisoma ramani na ratiba za treni, wakapiga mahesabu ya safari, na Kiingereza kikaja humo humo.

Prabhu aligawa kazi katika mafungu matatu ambayo nayatumia hadi leo. Kuna pengo la taarifa: wewe unajua, mimi sijui. Kuna pengo la kufikiri: sote tuna taarifa, lakini jibu linapatikana kwa kukokotoa au kupambanua. Na kuna pengo la maoni: hakuna jibu moja, kila mmoja atetee lake. Mwaka 1996 Jane Willis aliandika mpangilio wa kipindi unaofuatwa na walimu wengi sasa. Ndio nitakaoueleza kwenye swali la 5.

4. Si ndiyo ile ile ya kuwaweka wanafunzi kwenye vikundi?

Hapana, na hili linaniuma, kwa sababu nimeona vipindi vingi ambapo madawati yanaburuzwa dakika kumi, wanafunzi wanane wanazunguka karatasi moja, mmoja anaandika, saba wanamtazama. Kikundi ni namna ya kukaa tu.

Prabhu mwenyewe hakutegemea vikundi. Alihofia kwamba watoto wataambukizana makosa, kwa hiyo mwalimu alifanya kazi ya mfano na darasa zima kwa maswali na majibu, kisha kila mtoto akafanya inayofanana nayo mwenyewe. Mimi napenda kuwaweka wawili wawili, lakini ukiwa na pengo la kweli unaweza kufundisha bila kusogeza dawati hata moja.

## Ndani ya kipindi

5. Kipindi cha dakika 40 kinakwendaje?

Nitaeleza kimoja nilichofundisha Kidato cha Pili. Walikaa wawili wawili, mmoja na karatasi ya A, mwenzake na karatasi ya B. Hali ni hii: bibi amelazwa Mpwapwa. Muda wa kuona wagonjwa umeandikwa kwa Kiingereza kwenye karatasi ya B: 4:00 pm hadi 6:00 pm. Karatasi ya A ina mabasi matatu ya kubuni yanayotoka stendi ya Nanenane, na muda wa kuondoka umeandikwa kama tunavyousema: saa 2:00 asubuhi, saa 6:00 mchana, saa 9:00 alasiri. Safari ni saa tatu. Kazi ni kuchagua basi: usichelewe, na usikae getini zaidi ya saa moja.

Dakika saba za mwanzo tulizungumza kwa Kiingereza kuhusu kusafiri kumwona mgonjwa, na niliandika ubaoni maneno sita tu. Dakika kumi walifanya kazi, nami nikapita katikati ya madawati bila kusahihisha. Dakika tano wakajiandaa kueleza walichoamua na sababu zake, dakika nane jozi tatu zikaripoti mbele. Zilizobaki zilikuwa za lugha.

Katika zile dakika kumi, mvulana wa dawati la dirishani alisoma "saa 2:00" akamwambia mwenzake "two o'clock". Binti akahesabu: tatu juu ya mbili, "five o'clock". Akatazama tangazo lake, tano iko kati ya nne na sita, akaandika kwa furaha: basi la kwanza. Jozi ya nyuma yao ilikuwa imechagua la saa sita mchana. Wakageukiana, ubishi ukawaka, kwa Kiingereza cha kuungaunga lakini Kiingereza. Ilichukua kama dakika mbili kabla ya binti yule kushika kichwa na kusema, "No! Two is saa nane!" Kwa uamuzi wao wa kwanza wangefika saa tano asubuhi na kukaa getini hadi saa kumi.

Niliwahi kufundisha tofauti ya saa zetu na za Kiingereza kwa jedwali, mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka iliwatoka. Siku ile nilipochora saa mbili ubaoni, macho yote yalikuwa mbele.

6. Basi sarufi inafundishwa lini?

Inafundishwa, tena kila kipindi, lakini mwishoni. Wapo wanaodhani njia hii inasema sarufi itajiotea kama mlenda baada ya mvua. Ushahidi unakataa. Nchini Kanada kuna watoto waliosomeshwa masomo mengi kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa. Wakawa wanaelewa vizuri sana, lakini walipozungumza na kuandika bado makosa ya sarufi yalikuwa mengi. Merrill Swain, aliyewachunguza, alieleza mwaka 1985 kwamba kusikia na kuelewa hakutoshi, mwanafunzi lazima asukumwe kutoa lugha yake mwenyewe kwa usahihi.

Msukumo huo unatoka mahali pawili. Kwanza ni kuripoti: mtu anayejua atasimama mbele ya wenzake hupanga sentensi zake vizuri kuliko anaponong'ona na jirani. Pili ni zile dakika nane au kumi za mwisho, unapochukua umbo moja la sarufi, moja tu, ambalo kazi imeonyesha kwamba hawana, ukalieleza kwa uwazi na kuwapa mazoezi mafupi. Naam, mazoezi yale yale ya zamani. Hapo yana kazi.

7. Nisahihishe makosa wakati gani?

Wakati wa kazi, usimkatishe mtu kama mwenzake amemwelewa. Mpe neno akikuomba. Tembea na daftari dogo, andika sentensi za kweli unazosikia, bila majina. Mwisho wa kipindi weka tatu ubaoni, moja ikiwa sahihi kabisa, waambie watafute ipi haina kosa. Wanazichambua kwa bidii ambayo sentensi za kitabuni hazijawahi kupata.

8. Vifaa vinatoka wapi?

Maboksi ya dukani, manila moja kwa muhula, kalenda za zamani, tiketi za basi zilizotumika, orodha ya bei ya mgahawa uliyonakili kwa mkono. Usipoteze usiku kutengeneza kazi mpya kila siku: kazi nane nzuri kwa mwaka, zikirudiwa kwa kubadilisha taarifa, zinatosha kuanzia. Faida ya kurudia iko kwenye swali la 17.

## Madarasa yetu yalivyo

9. Nina wanafunzi zaidi ya 70. Inawezekana?

Inawezekana, ukikubali kwamba hutasikia kila mtu. Nikiuliza maswali darasa zima kwa dakika 40, wanafunzi kumi watasema sentensi moja moja. Jozi 35 zikizungumza kwa dakika kumi, hata kama nusu ya muda wanapotea, wamesema zaidi ya hapo.

Shida ni nakala 70 za karatasi, na dawa yake ni kuta. Bandika manila yenye taarifa za B kwenye ukuta wa nyuma, andika za A ubaoni. Wa kushoto kwenye kila dawati anatazama ubao, wa kulia anageuka nyuma. Bega kwa bega, kila mmoja na upande wake, hakuna anayeona cha mwenzake. Nimefanya hivi miaka mingi bila kutoa nakala hata moja.

Kelele zipo. Ongea na mwalimu wa darasa la jirani kabla, si baada. Na wakati wa kuripoti, wanaosikiliza wapewe nao kitu cha kutafuta: ni jozi ipi iliyoamua kama ninyi? Bila hivyo wanageukia soga.

10. Nikiwaacha wafanye kazi wanarudi kwenye Kiswahili au Kigogo. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Nilianza vibaya: nilikataza lugha nyingine kabisa, na katika shule moja niliyopita kulikuwa na kibao ambacho aliyesikika akisema Kiswahili alikivaa shingoni. Matokeo yalikuwa ukimya. Mtoto aliyetoka darasa la saba akiwa amesoma kila kitu kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari ambako kila somo ni kwa Kiingereza, akikatazwa lugha yake hageukii Kiingereza. Ananyamaza, na aibu ile hukaa naye miaka. Sikubali tena kibao kile mahali popote.

Ninachofanya sasa ni kutenganisha hatua. Kuelewa maelekezo na kupanga: Kiswahili ruksa, Kirangi ruksa, Kigogo ruksa. Kubadilishana taarifa na kuripoti: Kiingereza. Halafu nawapa vipande vya kuokoa mazungumzo, vimeandikwa pembeni mwa ubao muhula mzima, vya kuomba mtu arudie, kuuliza neno, kukataa kwa adabu. Mara nyingi mtoto anarudi kwenye Kiswahili kwa sababu hana namna ya kusema "sijakusikia".

Angalia pia kazi yenyewe. Kama jibu linaweza kupatikana bila kusema kitu, watalipata bila kusema kitu.

11. Mmoja anafanya yote na mwenzake ananyamaza.

Gawa taarifa upya ili aliyekimya ashike ile isiyokwepeka. Kama bado, mpe yeye kuripoti, lakini mwambie mapema ili ajiandae. Usimshtukize.

12. Mtihani wa Kidato cha Nne ni wa kuandika. Kwa nini nipoteze muda kwa kuzungumza?

Kazi si lazima iwe ya mdomo. Kuandika barua ya malalamiko kwa mwenye basi aliyewashusha njiani ni kazi. Kusoma matangazo matatu ya nafasi za kazi na kuamua ndugu yako aombe ipi, kisha kumwandikia barua ya maombi, ni kazi, na barua ni kitu kinachoonekana kwenye mtihani huo. Hadithi za fasihi nazo: wape kesi ya mhusika, nusu ya darasa wamtetee, nusu wamshitaki, kila hoja iwe na ukurasa wake. Wakishamaliza wana nusu ya insha mkononi.

Lakini nisikudanganye. Jaribio la India lilipopimwa, madarasa ya kazi yalifanya vizuri zaidi kwenye kutumia lugha, na madarasa ya kawaida yalifanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa miundo ya sarufi. Kwa hiyo muhula wa mwisho kabla ya mtihani mimi huongeza mazoezi ya moja kwa moja na karatasi za miaka iliyopita. Miaka mitatu ya mwanzo ndiyo ya kumjenga mtoto awe na Kiingereza cha kupimwa.

13. Mthibiti ubora akija atasemaje kuhusu maandalio yangu?

Mitaala yetu imejikita kwenye umahiri tangu mwaka 2005, na umahiri ni kuweza kufanya kitu. Andika matokeo ya kazi kama lengo mahususi ("mwanafunzi aweze kuchagua usafiri na kueleza sababu"), kisha chini yake taja umbo la sarufi kama lilivyo kwenye muhtasari. Mada haibadiliki, kinachobadilika ni mlango wa kuiingilia.

14. Kiingereza changu mwenyewe si imara. Nitaweza?

Mwalimu aliyeniuliza hivi alinong'ona, na nilimheshimu sana. Njia hii inatisha kwa sababu hujui wataomba neno gani. Anza na pengo la taarifa, ambako maneno yanatabirika. Fanya kazi hiyo mwenyewe na mwalimu mwenzako ofisini kwanza, dakika tano, mwandike mlichosema. Na neno usilolijua, sema "tutalitafuta", liandike pembeni, kesho uje nalo. Wanafunzi wakimwona mwalimu anatafuta neno, wanajifunza kwamba maneno hutafutwa.

## Hali za pekee

15. Wanaoanza kabisa, wasio na maneno hata ishirini, wanaanzia wapi?

Wanaanza na kazi za kusikiliza na kutenda. Hawalazimiki kusema. Wewe unaeleza kijiji: mbuyu katikati, kisima kulia kwake, ng'ombe watatu chini ya mbuyu, wao wanachora. Kisha wanalinganisha michoro na kutafuta nani kakosea ng'ombe. Zile wiki za kozi ya awali ya Kiingereza mwanzoni mwa Kidato cha Kwanza zinafaa sana kwa hili. Kusema kutafuata baada ya majuma machache, kwanza kwa neno moja moja.

16. Nafundisha Kiswahili kwa wageni. Njia hii inafaa?

Hapo ndipo inapong'aa, kwa sababu mji wote ni darasa. Mgeni anayeishi Dodoma ana haja za kweli kila asubuhi. Kabla ya kutunga chochote, muulize wiki yake inakwendaje: anaongea na nani, wapi, kuhusu nini. Daktari na mke wa mchungaji hawahitaji kazi zinazofanana.

Mpeleke Majengo na shilingi elfu tano anunue vitu vinne vya mboga, arudi na chenji na jina la mama aliyemuuzia. Atagundua kwamba bila salamu haendi mbali, na kwamba "shikamoo" ina mtu wake. Mwache akosee saa: akiambiwa "njoo saa nne" na akatokea saa kumi jioni, hatasahau tena (ni kinyume cha yale ya swali la 5). Msimu wa zabibu, mtume aulize mkulima wa Hombolo tofauti ya zabibu za kula na za mvinyo, aje akueleze. Ngeli za majina zitamtesa kwenye ripoti, na hapo ndipo utamfundisha moja.

Tahadhari: mwandae muuzaji pia. Ukimtuma mgeni kwa mama mwenye foleni ya wateja, unamharibia biashara.

17. Wanamaliza kazi kwa maneno mawili matatu: "bus two, good, finish". Hawaendi mbele.

Hili ni tatizo la kweli, na ni moja ya hoja nzito za wanaoikosoa njia hii. Michael Swan aliandika mwaka 2005 kwamba kazi humsaidia mwanafunzi kutumia alichonacho kuliko kupata kipya, na kwamba wenye saa chache za lugha kwa wiki na wasiosikia lugha hiyo nje ya darasa hawawezi kungoja umbo lijitokeze lenyewe. Hao ni sisi. Mtoto wa Bahi hasikii Kiingereza sokoni.

Ninachofanya ni vitu viwili. Kwanza, kabla ya ripoti nawasomea au nawaigizia kazi hiyo hiyo ikifanywa na watu wenye lugha nzuri, kwa kawaida mimi na mwalimu mwenzangu, nao wanawinda sentensi ambazo wangependa kuziiba. Pili, narudia kazi wiki inayofuata na jozi mpya, mabasi mapya, mgonjwa mwingine. Mara ya kwanza akili yote inaishia kwenye kupata jibu. Mara ya pili njia anaijua, na akili inabaki kwa maneno. Yule mvulana wa dirishani, wiki ya pili, alimwambia mwenzake mpya: "It leaves at eight in the morning, so you will wait too long."